Kopo Halionekani, GPS Inakuweka Ziwani: Kutatua Matatizo ya Jiokachi Mwanza

Jumapili moja saa tano asubuhi nilipigiwa simu kutoka kwenye miamba ya juu ya Mabatini. "Kaka, nimefika. GPS inasema zimebaki mita tatu, kopo silioni. Hii mashine yako mbovu." Nikamwomba anisomee namba alizoingiza. Alipofika kwenye dakika za kusini nikajua yuko zaidi ya mita mia sita kutoka kopo lilipo, na mashine haina kosa lolote.

Kwa ambaye hajawahi kucheza: jiokachi ni kusaka kopo ambalo mtu mwingine amelificha, akatangaza namba za mahali lilipo. Ukilipata unasaini daftari lililomo, ukitaka unachukua kidude na kuacha kingine, kisha unalirudisha palepale. Mchezo ulianza Mei 2000. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Marekani iliacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, ambayo hadi hapo yaliweza kukukosesha mita kama 100. Tarehe 3 Dave Ulmer akaficha ndoo msituni karibu na Portland, Oregon. Ndani alitia vitabu, programu ya kompyuta, video, pesa, manati na kopo la maharage. Yale maharage siku hizi yangekataliwa, na sababu yake nitaifikia.

Matatizo nimeyaandika kama watu wanavyoniambia kwenye simu, sikufuata mpangilio wa kitabu cha mashine. Yanayotoka kwenye mashine yanakwisha kwa dakika mbili. Yanayotoka kwetu sisi wachezaji ndiyo yanayokula wiki nzima, na mengi yake yanaanza siku kopo linapofichwa.

"Namba ni zilezile, lakini hapa hakuna kitu"

Anza na uandishi wa namba. Makopo hutangazwa kwa digrii na dakika zenye desimali (dakika hapa ni sehemu ya 60 ya digrii, na sekunde ni sehemu ya 60 ya dakika, si za saa). Chukua mfano huu: S 02° 31.500, E 032° 54.200. Yule wa Mabatini alikuwa ameweka mashine kwenye digrii, dakika na sekunde, akasoma 31.500 kama dakika 31 na sekunde 50. Nusu dakika ni sekunde 30, kwa hiyo alizidisha sekunde 20. Huku kwetu karibu na ikweta sekunde moja ni kama mita 31, basi amesogea zaidi ya mita 600 kusini. Upande wa mashariki naye alifanya vilevile: 54.200 ni dakika 54 na sekunde 12, yeye akaweka 20, akaongeza karibu mita 250. Akakaa juu ya jiwe zuri sana, la mtu mwingine.

Dawa: ingia kwenye mipangilio ya mashine, sehemu ya namba za mahali, chagua digrii na dakika zenye desimali, ndipo uingize. Usigeuze kichwani ukiwa umesimama juani.

Kosa la pili ni herufi S. Mashine nyingi zikitoka dukani zimekaa kwenye N. Ukiisahau, namba za Mwanza zinakupeleka Uganda, kaskazini mwa mji wa Lira, kilomita zaidi ya 550 kutoka ulipo. Hili angalau linajitangaza lenyewe. Ukiona umbali wa kilomita 560 wakati uko Nyegezi, jua tu ni S.

Kosa la tatu ndilo linalowasumbua hata wapima ardhi wastaafu. Ramani za zamani za Tanzania za 1:50,000, zile za karatasi, zimechorwa kwa datamu ya Arc 1960. GPS yako inazaliwa na WGS 84. Datamu ni makubaliano kuhusu umbo la dunia na mahali vipimo vinapoanzia, na haya mawili hayakubaliani. Ukisoma namba kwenye ramani ya karatasi ukaziingiza kwenye GPS bila kubadili datamu, Mwanza inakutupa karibu mita 300, sehemu kubwa kuelekea kaskazini na kidogo magharibi. Kama ufukwe wako unatazama kaskazini, mita hizo 300 ni majini.

Utalitambuaje? Makosa ya kusoma namba yanakwenda kila upande. Kosa la datamu ni lilelile kila mahali, upande uleule, umbali uleule. Makopo matatu yakikukosesha kwa namna moja, weka mashine kwenye Arc 1960 kwa ajili ya kuingiza namba za ile ramani, kisha irudishe WGS 84. Na ukitumia gridi ya UTM, ile inayotaja mahali kwa kanda na mita badala ya digrii, Mwanza iko kanda ya 36M. Ukiona 37 imeandikwa, namba hizo hazikusomwa huku.

"Mshale unazunguka kama pia"

Kwanza niulize: umesimama au unatembea? GPS nyingi za bei nafuu hazina dira ya sumaku. Zinajua unaelekea wapi kwa kulinganisha ulipo sasa na ulipokuwa sekunde chache zilizopita. Ukisimama, hazina cha kulinganisha, basi mshale unacheza. Tembea hatua kumi au kumi na tano kwa mstari, utatulia. Zenye dira ya sumaku zina ugonjwa mwingine: zinachanganywa na simu iliyo mfukoni, spika, nondo na mlango wa gari. Ziweke mbali na vitu hivyo, kisha fanya ule mzunguko wa kusawazisha dira ambao menyu inakuelekeza. Ukibadilisha betri, sawazisha tena.

Kama unatembea na mshale bado unaruka, tazama juu. Jiji letu linaitwa Jiji la Miamba na hapo ndipo penye kazi. Mashine inahitaji kusikia angalau setilaiti nne, na setilaiti hizo ziko kilomita 20,200 angani, mawimbi yake yakifika chini ni dhaifu mno. Ukijibanza katikati ya mawe mawili ya itale yenye urefu wa nyumba, kwanza umeziba nusu ya anga, pili mawimbi mengine yanagonga jiwe la pembeni na kukufikia yakiwa yamezunguka. Mashine inapima muda wa safari. Safari ikiwa ndefu, inadhani uko mbali zaidi, na inakuhamisha.

Ninachofanya mimi: nikifika kwenye mita 15 hivi naacha kutazama skrini. Narudi nyuma mahali peupe, nasimama dakika mbili, namba zitulie, natazama mshale unaelekea jiwe gani. Naenda upande mwingine wa mawe, narudia. Mistari miwili inapokutana ndipo natafuta kwa macho, kwa mkono mwishoni kabisa. Mkono usitangulie jicho kwenye ufa. Humo mna pimbi, mna nyuki, na wakati mwingine mna nyoka anayemfuata yule mjusi wetu mwenye kichwa cha waridi na mkia wa buluu, ambaye wanasayansi wamempa jina la mji wetu, *Agama mwanzae*.

Kumbuka pia kuwa aliyeficha naye alikuwa na GPS yenye makosa yake. Wewe ukikosea mita tano na yeye tano, mnaweza kuachana mita kumi. Kwenye uwanja wa mpira mita kumi si kitu. Kwenye vilima vya Capri Point ni mawe ishirini na nyufa hamsini. Kwa hiyo ukificha, usichukue namba mara moja ukaondoka. Tumia kipengele cha kutafuta wastani wa nukta, kiache kihesabu dakika kadhaa, rudi siku nyingine saa tofauti uongeze. Halafu weka kidokezo cha kueleweka. "Chini ya jiwe" kwa Mwanza ni matusi.

Jambo moja la jioni. Tuko karibu na ikweta, na tabaka la juu la anga huku huchafuka baada ya jua kuzama, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba. Mashine iliyokuwa timamu saa kumi inaweza kuyumba saa mbili usiku bila sababu unayoiona. Usiirekebishe chochote, subiri asubuhi.

"GPS inaniweka ziwani, na mimi nimesimama kwenye mchanga"

Hili linachekesha wageni. Sababu zake ni tatu na nimezipanga kwa jinsi ninavyozikuta.

Ya kwanza: ramani ya msingi iliyokuja na mashine. Imechorwa kwa dunia nzima, ufukwe wa Ziwa Victoria umenyooshwa kwa mistari michache, ghuba zimekatwa, visiwa vidogo havimo. Namba zako ni sahihi, mchoro ndio mbovu. Weka ramani ya OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea, na utarudi nchi kavu.

Ya pili: ziwa lenyewe. Lilipanda sana mwaka 2020 na tena 2024, likameza fukwe na vibanda, kisha likashuka. Mstari uliochorwa kutoka picha ya mwaka mmoja si ufukwe wa mwaka mwingine. Ndiyo maana sifichi kopo karibu na maji. Maji yakipanda linaelea hadi Ukerewe, na pale kwenye matete ya kina kifupi kuna kichocho. Huwezi kumtuma mtoto wa watu akaingize miguu humo kwa ajili ya daftari.

Ya tatu ni ile datamu ya Arc 1960, tumeimaliza. Kuna na kinyume chake: mashine ya gari uliyoichomoa kwenye dashibodi. Hizo hulazimisha alama yako ikae juu ya barabara iliyo karibu. Unapanda mlima, yenyewe inasema uko lami. Kama ina kipengele cha kushikilia barabara, kizime. Kama haina, irudishe garini.

Ukitaka kusawazisha mashine yenye baromita, ile inayokisia mwinuko kwa mgandamizo wa hewa, shuka hadi kwenye maji. Uso wa ziwa uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, unapanda na kushuka mita moja mbili tu. Iambie uko hapo, ndipo upande mlima.

"Ramani nimeiweka, haionekani"

Faili la ramani kwa mashine za Garmin lina mwisho wa .img, na linakaa kwenye folda iitwayo Garmin, ndani ya mashine au ndani ya kadi. Faili za makopo, za .gpx, zinakwenda kwenye folda ya GPX iliyo ndani ya hiyo ya Garmin. Ukizichanganya hutaona kitu na hutaambiwa kosa. Kama faili liko mahali pake, ingia kwenye mipangilio ya ramani uone kama limewashwa. Kadi kubwa iliyotoka kwenye kamera huenda imepangwa kwa mfumo ambao mashine haiusomi, iumbize upya (format) kwa FAT32, lakini toa picha zako kwanza.

Ukiambiwa ramani haijafunguliwa, basi umepewa nakala ya ramani ya kununuliwa iliyofungwa kwa mashine ya mtu mwingine. Usihangaike kutafuta kijana wa kuivunja. Ya OpenStreetMap ni ya bure kweli, unaruhusiwa kuinakili na kuigawa mradi utaje ilikotoka, na vichochoro vya Igogo na Mabatini unaweza kuvichora mwenyewe pale ambapo havijachorwa.

"Betri zinakwisha kwa saa mbili" na "Inaonyesha tarehe ya zamani"

Betri: za bandia zipo tele sokoni, na hata nzuri zinaonekana mbovu kama mashine imeambiwa ni za alkalaini wakati ni za kuchaji. Badili aina kwenye menyu.

Tarehe: mashine za mtumba nyingi hurudi nyuma karibu miaka 20. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha inaanza sifuri, na mara ya mwisho ilianza sifuri tarehe 6 Aprili 2019. Mahali haikosei, tarehe tu. Andika tarehe ya kweli kwenye daftari kwa mkono. Na kama mashine hiyo ilikaa kabatini miezi mingi, iache nje peupe robo saa kabla ya kuitukana, maana inapakua upya ratiba ya setilaiti zote na kazi hiyo peke yake inachukua dakika 12 na nusu.

"Nimekuta flashi ndani ya kopo"

Hapa mashine imekwisha, tumeingia kwa watu.

Dalili huwa mbili. Moja: umechomeka flashi kwenye kompyuta, na sasa mafolda yako yote yamegeuka shotikati. Hiyo ni virusi, na aliyeiacha huenda hakujua, naye alipewa. Usifungue shotikati hata moja. Chomoa, safisha kompyuta kwa programu ya kuua virusi, na kama flashi ina vitu vyako mwenyewe mpe mtu anayeijua kazi avitoe. Kinga yake ni fupi kuliko tiba: flashi, kadi au CD ya kwenye kopo haichomekwi. Ukifikiria vizuri, hungeokota mswaki chini ya jiwe.

Dalili ya pili haina maumivu, na ndiyo ninayobishana nayo na vijana. CD iliyobaniwa stendi, imeandikwa kwa kalamu "Singeli Mix", au kadi ya memori yenye nyimbo mia nne na filamu za kutafsiriwa. Aliyeiacha anaona amekuwa mkarimu: amechukua kishikio cha funguo, ameacha burudani ya mwezi mzima. Nakubali nia yake ni njema. Lakini nyimbo hizo si zake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuinakili na kuisambaza, na kopo ni usambazaji hasa, maana liko wazi kwa yeyote mwenye GPS. Msanii wa Mwanza anayelipia studio kwa kuuza vocha mchana hapati hata shilingi hapo.

Kijana mmoja alinijibu, "Lakini bro, mbona kibandani wanaweka nyimbo kwa buku, hakuna anayesema?" Kweli, wanaweka. Ila kibanda kina mwenyewe wa kuulizwa. Kopo lina jina la aliyelificha, na akitafutwa mtu, atatafutwa huyo, wala si wewe uliyepita.

Cha kufanya ukiikuta: itoe. Usiiache, usiihamishie kopo lingine. Acha kidude cha thamani kama hiyo mahali pake ili asiyejua asione kopo limepungua, kisha mwandikie mwenye kopo ujumbe wa faragha. Usimtaje aliyeiacha hadharani. Na ukiwa na hamu ya kuacha muziki, acha ulioupiga mwenyewe, ukiwa na jina lako. Mtu mmoja aliwahi kuacha sauti ya wavuvi wa dagaa wakivuta nyavu usiku wa giza, aliyorekodi kwa simu baada ya kuwaomba ruhusa. Alibandika karatasi ya maelezo yenye anwani ya kuisikilizia mtandaoni, hakuacha flashi. Hiyo iliondoka siku ileile.

CD, hata halali, haifai tu. Jiwe la Mwanza saa nane mchana linachoma, na CD ya kubaniwa inaharibika kwa joto na jua.

Chakula nacho hakiruhusiwi, ndiyo habari ya yale maharage: kinaita panya, siafu na pimbi, na kopo linatafunwa. Visu, pombe, dawa, risasi, hata mzaha, hapana. Na kile kibati chenye namba ya kufuatiliwa si cha kubadilishana. Kinasafiri. Ukikichukua umekubali kukipeleka kopo lingine, usikifanye mkufu.

"Kila nikiweka kopo linaondoka"

Uliza limetengenezwa na nini. Bati na plastiki ngumu zinauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa skrepa, na wanaookota wana macho kuliko GPS. Kopo zuri la chuma la jeshi, linalosifiwa Ulaya, kwetu ni pesa ya mboga, na kwa askari ni maswali. Tumia kichupa kidogo kisicho na thamani, kwenye ufa ambao hakuna anayepita. Usichimbe. Kanuni za mchezo zinakataza kufukia bila ruhusa ya mwenye ardhi, na zinataka makopo yaachane mita 161.

Kama liko karibu na uwanja wa ndege, bandari, kambi au kituo cha polisi, shukuru limeondoka kabla hujaondoka wewe. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, huko huweki kitu bila ruhusa ya TANAPA.

"Wananchi wanasema nimefukia dawa"

Hili halimo kwenye mwongozo wowote wa mchezo, na Usukumani ndilo kubwa kuliko yote. Lilinipata mimi.

Hebu litazame kopo langu la kwanza kwa macho ya asiyejua. Chombo kilichofungwa vizuri, kimefichwa chini ya jiwe nyuma ya nyumba za watu, Luchelele. Ndani: orodha ya majina yenye tarehe, sarafu, kitambaa chekundu, mwanasesere mdogo aliyekatika mkono. Na mtu mgeni ameonekana mara mbili akiinama pale huku akitazama kifaa na kugeuka nyuma. Nilipopigiwa simu na mwenyekiti wa mtaa, kopo lilikuwa mezani kwake, halijaguswa, na kuna bibi mmoja jirani wa jiwe lile ambaye vijana walikuwa wameanza kumtazama vibaya. Mambo haya yameua wazee kanda hii. Sikulala.

Sababu: sikuuliza mtu. Mwamba ulionekana hauna mwenyewe, na Usukumani mwamba unaweza kuwa na wenyewe waliolala, pana mahali watu wanatambikia.

Ninavyofanya tangu hapo. Nakwenda asubuhi, mchana kweupe, nabisha hodi nyumba iliyo jirani na jiwe. "Mwangaluka, mama. Shikamoo." Nikiitikiwa naeleza, natoa GPS wauone mshale, watoto wanaushika. Nauliza kama mahali pale panafaa. Mara mbili nimeambiwa hapafai, sikuuliza kwa nini. Kisha ofisi ya serikali ya mtaa, kwa jina langu na namba ya simu.

Chombo nakichagua kinachoonyesha ndani. Juu yake karatasi ya Kiswahili, si Kiingereza: huu ni mchezo wa kutafuta kwa GPS, aliyeweka ni fulani, simu hii, mwenye eneo anajua. Vitu vya ndani ni penseli, vifungo, kadi za mchezo. Hakuna wanasesere, hakuna simbi, sarafu wala vitambaa vyekundu na vyeusi. Na anayetafuta akiulizwa "unafanya nini hapo?" asifiche wala asikimbie. Wazungu hufundishana kujifanya wanapiga simu mtu akipita. Huku mtu akipita, msalimie na umwonyeshe.

Yule bibi wa Luchelele nilikwenda kumwomba radhi na mwenyekiti. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama watu wanaokuja kulitafuta huwa wananunua chochote. Kopo jipya sasa liko kwenye ufa wa jiwe lililo pembeni ya genge lake la nyanya na dagaa, yeye ndiye anayenipigia daftari likilowa, na kidokezo kinasema: kabla hujatafuta, msalimie mwenye genge.